Doa Lipi la Kuogopa? Mwongozo wa Ngozi kwa Watu wa Mashamba ya Chai

Mtu anayeshinda kwenye majani chai hakosi alama mwilini. Kidole gumba na cha shahada vimeshika weusi wa utomvu ambao sabuni ya kipande haiutoi kwa siku moja. Kisigino kina sugu la gambuti. Begani kuna mstari wa kamba ya kikapu, na mashavuni mwa akina mama wa makamo kuna vijidoa vyeusi vilivyojitokeza kimoja kimoja tangu ujana. Karibu alama zote hizi hazina neno. Ila mara moja moja huwamo moja ambayo ni saratani, na kwa kuwa inafanana na nyingine, hupita bila kutiliwa maanani mpaka imekwisha kuzama ndani. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kuitambua ukiwa nyumbani, iwe ni Litein, Ainamoi, Kabianga, Mogogosiek au Silibwet, ili ukienda hospitali uende mapema na ujue la kusema.

Nianze na jambo ambalo ningependa kila nyumba ya Kericho na Bomet ilijue, hata kama msomaji ataishia hapa. Saratani ya madoa meusi, ambayo madaktari huiita melanoma, huanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Vitabu na mabango mengi huionyesha mgongoni mwa mzungu aliyeungua na jua, na ndiyo sababu watu husema huo ni ugonjwa wa wazungu. Ni kweli kwamba rangi yetu inatukinga. Nchini Marekani, inakadiriwa kuwa mzungu 1 kati ya 33 ataupata maishani mwake, na mtu mweusi 1 kati ya 1,000. Lakini unapomjia mtu mweusi, mara nyingi hauji mgongoni. Huja pale ambapo ngozi yetu ni nyeupe zaidi na jua halifiki: unyayoni, kiganjani, chini ya ukucha, na mara chache ndani ya mdomo, puani au sehemu za siri. Unyayo ndio unaoongoza. Kwa hiyo kusema kwamba Kericho ni baridi na kila alasiri mvua inanyesha si kinga hata kidogo. Melanoma ya unyayo hailetwi na jua.

Wapenzi wa reggae, na hapa Kenya ni wengi, wanamjua mtu aliyekufa kwa ugonjwa huu huu. Mwaka wa 1977 Bob Marley aliumia kidole gumba cha mguu akicheza mpira, na kidonda kilichokuwa chini ya ukucha kikawa hakiponi. Kilipopimwa, ikaonekana ni melanoma. Baadaye ilisambaa mwilini, akafariki Miami tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36. Mpira haukumletea saratani. Lakini jeraha ni maelezo rahisi, na mgonjwa akishapata maelezo rahisi huacha kutafuta mengine. Huku kwetu maelezo rahisi yamejaa tele: ni gambuti, ni funza, ni mwiba, ni jembe, ni panga la kupogolea chai.

Jinsi ya kukagua miguu

Chagua siku moja ya mwezi. Ile ya mshahara au ya malipo ya majani ni rahisi kukumbuka. Osha miguu kwa maji ya vuguvugu na brashi mpaka udongo wote utoke, ifute ikauke, kisha keti mlangoni kwenye mwanga wa mchana. Taa ya usiku hudanganya rangi. Weka mguu mmoja juu ya goti la mwingine, au kama magoti hayakubali, laza kioo sakafuni na uinue unyayo juu yake. Kwa wazee, kazi hii apewe mjukuu mwenye macho makali: kogo, yaani nyanya, aketi, aweke mguu juu ya kigoda, na mtoto aangalie kisigino, uwayo wote, pembeni mwa kila ukucha na katikati ya vidole. Katikati ya vidole husahaulika sana.

Utakuta madoa. Usishtuke. Nyayo za watu weusi wengi zina vijidoa vya kahawia, vidogo, bapa, vya rangi moja, na mara nyingi viko kadhaa vinavyofanana kwenye miguu yote miwili. Mistari ya viganja na ya nyayo nayo inaweza kuwa myeusi kuliko ngozi inayoizunguka. Hivyo ndivyo ulivyoumbwa.

Funza ni nukta nyeusi katikati ya uvimbe mweupe. Anawasha, na hupenda kando ya kucha na kisiginoni. Akishatolewa au kufa, mahali pale hupona ndani ya wiki kadhaa. Chunjua cha unyayo ni kigumu, kina vinukta vyeusi ndani yake, na huuma ukikibana kutoka pande mbili. Damu iliyovilia chini ya ngozi ya kisigino huwapata sana wakimbiaji na watu wanaovaa gambuti lililowapwaya. Huwa nyeusi au nyekundu iliyoiva, lakini husogea juu pamoja na ngozi na kutoweka baada ya mwezi mmoja au miwili.

Doa la kutia shaka lina tabia nyingine. Kwa kawaida liko peke yake. Limeanza ukubwani, na linatambaa polepole kama wino uliodondoka kwenye karatasi mbichi. Kingo zake hazieleweki: huwezi kusema kwa hakika ngozi safi inaanzia wapi. Ndani yake kuna rangi zaidi ya moja, kahawia huku, nyeusi tititi kule, pengine kijivu au kibuluu. Likipita milimita 7, yaani upana wa penseli ya shule, na hukuzaliwa nalo, lazima lionwe na daktari. Jambo linalowapoteza wengi ni kwamba haliumi. Mchumaji anaweza kulikanyaga mwaka mzima bila kuchechemea hata siku moja. Maumivu, majimaji na damu huja baadaye, sehemu ya doa inapoinuka na kupasuka ikawa kidonda, na wakati huo ugonjwa umekwisha kwenda chini.

Tena kuna aina isiyo na weusi wowote. Hii ni kijinyama chekundu au cha waridi kinachoota juu ya unyayo au ubavuni mwa ukucha, laini, kinachotoa damu kikiguswa tu. Hufikiriwa kuwa ni nyama iliyozidi baada ya jeraha, ikatibiwa kwa dawa ya usaha miezi na miezi. Wataalamu wa miguu wana mambo matano wanayojiuliza wakiona kitu cha namna hii. Je, kina rangi isiyo ya ngozi? Je, hakuna aliyethibitisha ni ugonjwa gani? Je, kinatoa damu? Je, kinakua hata baada ya kutibiwa? Je, kimepita miezi miwili bila kupona? Mawili kati ya haya yakijibiwa ndiyo, mgonjwa hupelekwa kwa mtaalamu. Unaweza kujiuliza maswali hayo hayo ukiwa kwenye kigoda chako.

Ukucha, na rangi ya chai

Ukucha ni mahali pagumu kwa mchumaji kwa sababu majani yenyewe hupaka rangi. Weusi wa utomvu hukaa juu ya ukucha na kwenye ngozi inayouzunguka, huonekana kwenye vidole vinavyochuma vya mikono yote miwili, na hufifia ukiwa likizo wiki mbili tatu. Weusi unaotoka chini ya ukucha haufifii hata ukipumzika. Kama unapaka rangi ya kucha, ifute kabisa kabla ya kukagua, hasa ya vidole vya miguu, maana hapo ndipo ugonjwa hujificha bila mtu kujua.

Kisha kuna damu. Vijana wanaokimbia kila alfajiri kwenye barabara za mashambani wanajua kucha za miguu zilizogeuka nyeusi kwa kugonga ncha ya kiatu. Mchumaji aliyevaa gambuti dogo huzipata pia. Njia ya kutofautisha ni rahisi na haihitaji chombo chochote cha hospitali. Mahali weusi unapoishia upande wa chini, kwenye shina la ukucha, piga mstari mdogo kwa tupa ya kucha, au piga picha kwa simu. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, na wa mguu karibu nusu ya hapo. Kama ni damu, baada ya mwezi mmoja au miwili utaona sehemu safi imetokea kwenye shina, na weusi umesogea mbele pamoja na ukucha. Ukucha wa kidole gumba cha mguu huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kujibadilisha wote, kwa hiyo kuwa na subira, ila subira ya mtu anayeona weusi ukisogea. Kama weusi umebaki pale pale, umeshika shina, na ukucha unakua ukiupitia, hiyo si damu.

Watu weusi wengi wana mistari ya kahawia inayokwenda urefu wa ukucha, na idadi yake huongezeka kadiri umri unavyosonga. Ikiwa iko kwenye kucha kadhaa, ni myembamba, imenyooka, na imekuwa hivyo kwa miaka, usipoteze usingizi. Tia shaka mstari ulio kwenye ukucha mmoja tu, hasa gumba la mkono au la mguu, ulioanza ukubwani, uliopita milimita 3 kwa upana, ambao kwenye shina ni mpana kuliko kwenye ncha, au ambao umefanya ukucha upasuke. Na weusi ukivuka ukucha ukaingia kwenye ngozi ya shina au ya pembeni, usisubiri kupiga picha ya pili. Daktari Mwingereza Jonathan Hutchinson aliieleza dalili hii katika karne ya 19, na mpaka leo hakuna daktari wa ngozi anayeipuuza.

Sehemu nyingine za mwili

Mwaka wa 1985 madaktari wa New York walitunga kanuni ya kupima madoa ambayo sasa inafundishwa dunia nzima: nusu mbili za doa zifanane, kingo ziwe laini, rangi iwe moja, upana usizidi milimita 6. Mwaka wa 2004 likaongezwa la tano, mabadiliko. Kanuni hiyo ni nzuri lakini ilitokana hasa na ngozi nyeupe. Kwa watu wetu mimi ningeweka la mwisho mbele ya mengine yote. Doa lolote linalobadilika, kwa ukubwa, kwa rangi, kwa kuinuka au kwa kuanza kuwasha na kutoa damu, ni la kuonwa, hata kama kwa mengine manne limefaulu. Na ukitazama mwili mzima, tafuta lile lisilofanana na mengine yako. Mtu mwenye madoa kumi madogo ya kahawia na moja kubwa jeusi, hilo moja ndilo la kulifuatilia.

Mengi ya yanayowatia watu hofu hapa hayana hatari. Vile vijidoa vyeusi vya mashavuni na kuzunguka macho, ambavyo mama na binti mara nyingi huwa navyo wote, ni vya kurithi na havigeuki kuwa saratani. Vinyama vinavyoning'inia shingoni na kwapani ni hivyo hivyo. Magamba ya kahawia yanayoonekana kana kwamba yamebandikwa juu ya ngozi ya mzee ni ya uzee. Mabaka ya kibuluu kwenye matako ya mtoto mchanga hufutika yenyewe akikua. Kovu lililofura baada ya kutoga sikio linaudhi, lakini si saratani. Ufizi mweusi na vinukta vyeusi vya ulimi ni vya kawaida kwetu, ili mradi umekuwa navyo miaka yote.

Doa linalokwaruzwa na kamba ya kikapu au mshipi wa aproni linaweza kutoa damu kwa sababu ya kukwaruzwa tu. Lifunike kwa kitambaa safi, badilisha mahali kamba inapopita, na uhesabu wiki nne. Lisipopona katika wiki hizo, kamba siyo sababu.

Watu watatu ambao hadithi yao ni tofauti

Wa kwanza ni mwenye ualbino. Niliyoyasema juu ya jua hayamhusu yeye. Kwake jua ndilo chanzo, na saratani yake ya kawaida si melanoma bali ile ya ngozi ya juu: gamba kavu lisilotoka, hasa usoni, masikioni, mdomo wa chini, shingoni na nyuma ya mikono, ambalo baadaye huwa kidonda. Kericho iko karibu kabisa na ikweta na mji wake umepita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya jua huongezeka nguvu kadiri unavyopanda mlima. Mawingu hayaizuii yote. Mtoto mwenye ualbino anayekwenda shule bila kofia pana kwa sababu leo kuna ukungu anaumia polepole bila mtu kuona. Avae mikono mirefu na kofia yenye ukingo mpana, apake mafuta ya kukinga jua ya kiwango cha 30 au zaidi na kuyarudia kila baada ya saa mbili, na akae kivulini kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilipata Wakenya 9,729 wenye ualbino. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa mafuta hayo bure waliosajiliwa, kwa hiyo mzazi, msajili mwanao. Na ngozi yake ionwe na daktari kila miezi sita, hata kama haina kitu. Nawaomba wasimamizi wa mashamba pia: mfanyakazi mwenye ualbino apewe kazi ya ndani, kwenye mizani au ofisini, siyo katikati ya chai saa sita mchana.

Wa pili ni mwenye kovu kubwa la moto au kidonda ndugu cha miaka mingi. Mtoto aliyeangukia jikoni au kumwagikiwa na chai ya moto hupona, kovu likabaki mguuni. Miaka 20 au 30 baadaye kovu hilo hufunguka. Daktari Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin alieleza vidonda vya aina hii mwaka wa 1828. Ukiona kovu la zamani limepasuka na halifungi, kingo za kidonda zimekuwa nene na ngumu na kujikunja nje, kinanuka na kutoa damu, usiendelee kukifunga bandeji kila wiki. Bandeji haiwezi kutibu kitu hicho. Kinatakiwa kukatwa kipande kikapimwe.

Wa tatu ni mwenye virusi vya HIV. Saratani ya Kaposi huleta mabaka au vinundu vingi, vya zambarau, kahawia au vyeusi, miguuni, usoni, na kwenye kaakaa la mdomo, wakati mwingine mguu mzima ukavimba. Kwenye ngozi nyeusi hufanana na madoa mengine mengi, na hayaumi. Hapa hakuna sababu ya kukata tamaa: dawa za ARV zenyewe huipunguza kwa wagonjwa wengi, na matibabu ya saratani huongezwa inapohitajika. Ukiona mabaka ya namna hii na hujapimwa, pimwa.

Usifanye haya

Usilifunge doa kwa uzi au unywele ili lidondoke. Usilichome kwa chuma, asidi ya betri wala dawa ya mitishamba. Usilikate kwa wembe. Hata kama litatoka juu, mizizi hubaki na kuendelea kushuka, na ngozi iliyofungika juu yake itamnyima daktari ushahidi. Cream za kujichubua ni mbaya maradufu: hufifisha rangi ya doa bila kugusa ugonjwa, na nyingi zina zebaki.

Wapo pia wanaosema kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Nimeona jinsi kauli hii inavyowatia watu hofu, na inastahili kujibiwa waziwazi. Kukata doa ili lipimwe hakusambazi melanoma. Wale waliokatwa wakafa muda mfupi baadaye walifika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kufika kwenye mitoki, mapafu au ini. Kilichowaua ni miezi iliyotangulia kisu.

Ukienda hospitali

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au zahanati ya shamba kama umeajiriwa, na uombe barua ya rufaa. Upande wa Kericho kuna Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini, Kapkatet, na hospitali ya AIC Litein. Upande wa Bomet kuna Longisa na kuna Tenwek, hospitali ya misheni iliyoanzishwa mwaka wa 1937, ambayo watu wa Bomet wanaijua kwa kupigana na saratani ya umio na ambayo ina madaktari wa upasuaji wa kutosha kulikata doa lolote. Yakizidi hapo, kuna hospitali kubwa ya Moi Teaching and Referral, Eldoret.

Usiseme tu kwamba mguu unakusumbua. Sema hivi: "Daktari, doa hili lilianza mwezi wa tatu. Lilikuwa kiasi hiki, sasa ni kiasi hiki, na limetoa damu mara mbili. Naomba likatwe lipimwe maabara." Onyesha picha ulizopiga kwa simu, zilizopigwa mchana, huku njiti ya kiberiti imelazwa kando ya doa ili ukubwa uonekane. Vua viatu vyote viwili pamoja na soksi hata kama hujaambiwa.

Kinachofuata si kikubwa. Utapigwa sindano ya ganzi, doa litakatwa lote pamoja na ukingo mdogo wa ngozi safi, au kipande tu kama ni kubwa mno au liko chini ya ukucha, kisha utashonwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wagonjwa wengi wanapopotezwa. Kile kilichokatwa kisitupwe. Lazima kiwekwe kwenye chupa yenye formalini, kiandikwe jina lako na mahali kilipotoka mwilini, na kipelekwe kwa daktari wa maabara anayepima nyama chini ya hadubini. Jicho la daktari peke yake, hata la bingwa, halitoshi kusema kwamba ni saratani au siyo. Kabla hujashuka kitandani uliza: kinapelekwa wapi, majibu yatatoka lini, na nani atanipigia simu? Tarehe ikipita kimya, usidhani kimya ni habari njema. Rudi ukaulize.

Majibu yakisema ni melanoma, uliza unene wake kwa milimita, na kama kingo zilibaki safi. Ikiwa ni chini ya milimita 1, wengi sana hupona kwa upasuaji peke yake. Mara nyingi hufanyika upasuaji wa pili wa kuongeza sentimita 1 au 2 za ngozi kuzunguka kovu. Kwenye ukucha, huenda kidole kikaondolewa. Najua neno hilo ni zito kwa mtu anayetembea kwenye miteremko ya chai kila siku. Lakini mtu asiye na kidole kimoja cha mguu hurudi kazini, na watoto wake humwona akizeeka. Daktari atapapasa pia mitoki ya kinena au kwapa, kwa kuwa huko ndiko ugonjwa hupitia. Ukishauugua mara moja, ukaguzi wako wa kila mwezi uwe wa maisha yote.

Kuhusu gharama: tangu tarehe 1 Oktoba 2024, bima ya afya ya serikali ya SHA imechukua nafasi ya ile ya NHIF. Kujisajili ni kwa kupiga *147#. Anayelipwa mshahara hukatwa asilimia 2.75; mkulima mdogo hulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Bonasi ya chai kutoka KTDA ikiingia, ondoa kwanza pesa za SHA kabla ya karo na mabati. Ila doa lenyewe lisingoje bonasi. Lililoonekana mwezi wa pili na kusubiri hadi mwezi wa kumi limepewa miezi minane ya kushuka chini, na katika ugonjwa huu kila milimita ina bei yake.

Kama umesoma mpaka hapa na kuna doa unaloliwaza, lako au la mtu wa nyumbani mwako, limepita miezi miwili bila kupona au linazidi kupanuka, mpelekeni huyo mtu zahanati wiki hii. Akiambiwa ni dawa ya usaha tu, na baada ya wiki nne hakuna nafuu, rudini na mwombe rufaa. Ni haki yake kupimwa.